Bustani ya Ndoo: Anza na Udongo, Mbegu Zitasubiri

Anayeanza bustani nyumbani aghalabu hununua mbegu kwanza, pakiti sita saba zenye picha za kutamanisha. Ndoo huzitafuta baadaye, na udongo anauchota popote. Utaratibu huo ndio unaoua miche. Mbegu zikikaa mahali pakavu penye ubaridi hazina haraka. Udongo ndio unaotaka maandalizi, pengine ya miezi, hasa kama samadi uliyonayo bado ni mbichi.

Chombo kwanza. Mche mmoja wa nyanya unataka ndoo ya lita 20, pilipili hoho hutosheka na lita 10. Mchicha, saladi na kitunguu majani havihitaji kina kirefu: sentimita 20 za udongo zinatosha, hata beseni lililopasuka linafaa, tena ufa wake utakupunguzia kazi ya kutoboa. Chombo kizima kitoboe matundu matano au sita chini, kila moja upana wa sentimita moja hivi. Usitandaze kokoto ndani ukidhani zitasaidia kutoa maji. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu yake mpaka udongo ulowe chepechepe ndipo yadondoke. Kwa hiyo tabaka lenye majimaji linapanda juu na kuifuata mizizi. Kipande cha chandarua kuukuu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Mchanganyiko mzuri wa kuanzia ni ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mboji au samadi iliyoiva, na moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa pwani uache, una chumvi. Chota konzi moja yenye unyevu, ifumbate, kisha fumbua. Donge linatakiwa libaki, na ukiligusa kwa kidole limeguke. Likigoma kumeguka, ongeza mboji. Likitawanyika kabla hujaligusa, ongeza mboji vilevile. Ndiyo, dawa ni hiyo hiyo.

Samadi iliyoiva haitoi harufu ya mkojo, haina joto ukitumbukiza mkono katikati ya rundo, na huwezi tena kutambua ilikuwa ya mnyama gani. Ikiwa mbichi huunguza mizizi kwa amonia na chumvi, na ya kuku ndiyo kali zaidi. Ipe miezi mitatu angalau.

Sasa mbegu. Kina cha kupandia ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Maharage hushuka sentimita 3, nyanya haipiti sentimita moja, saladi hubonyezwa tu juu ya udongo kwa sababu huota vizuri ikipata mwanga. Nyanya huchomoza baada ya siku 5 hadi 10 udongo ukiwa na joto, lakini pilipili inaweza kukaa wiki tatu, basi usifukue kuchungulia. Karoti panda palepale itakapokulia. Ukiihamisha, mzizi wake hupinda au hugawanyika.

Miche ikianza kuanguka mmoja mmoja, shina limenywea kama uzi usawa wa udongo, wengi hulaumu wadudu. Mara nyingi ni kinyaushi, ugonjwa wa vimelea vya ukungu vinavyopenda miche iliyosongamana na udongo usiokauka. Ulioanguka hauponi tena. Iliyobaki ipunguze, uache sentimita 3 kati ya mche na mche, mwagilia asubuhi badala ya usiku, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia.

Hamisha mche ukiwa na majani halisi manne hadi sita, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza. Wiki moja kabla, uzoeshe jua kidogo kidogo. Kazi ifanye jioni. Shina la nyanya lizike hadi karibu na majani ya chini, maana sehemu iliyofukiwa itatoa mizizi. Pilipili ipande usawa uleule wa kitaluni.

Swali la maji mara ngapi kwa siku halina jibu. Chomeka kidole sentimita 4 au 5: kukiwa na unyevu, acha, kukiwa kukavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini. Kikombe kimoja kimoja kila siku hulowesha juu tu, na mizizi nayo hubaki huko huko juu. Nyanya ikilegea mchana wa jua kali na kusimama jioni, haina tatizo. Ikiwa imelegea tangu alfajiri, pima udongo kabla ya kushika kopo. Mkavu, ni kiu. Umelowa, mizizi imekosa hewa na huenda inaoza, na maji zaidi yatakuwa ya kuumalizia mmea.

Maji ya kubahatisha, leo mafuriko kesho ukame, ndiyo pia huleta doa jeusi kitakoni mwa tunda la nyanya. Kalsiamu husafiri na maji, hivyo haifiki kwenye tunda ipasavyo. Dawa ya ukungu hapo ni hasara tupu. Tandaza nyasi kavu sentimita 5, mbali kidogo na shina, na umwagilie kwa mpangilio.

Wadudu? Geuza majani utazame chini yake mara mbili kwa wiki. Vidukari wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyiza jioni ukilenga chini ya majani, na urudie baada ya siku nne au tano. Jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri siku nzima, kwani sabuni nyingine huunguza.