Boti isiyo na rafadha, hadi Orakei Korako

Agosti 2014 nilikuwa Auckland, New Zealand, nikisomea jotoardhi, kama wahandisi wengi wa Kenya walionitangulia. Chuo kikuu cha huko kilianza kufundisha kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1970. Shule zilipofungwa nyumbani, mama watoto alinifuata na watoto wetu wawili, na Jumamosi moja tukateremka hadi Mto Waikato, kaskazini mwa Taupo, tupande boti ya jeti kwenda Orakei Korako, bonde la chemchemi za moto.

Agosti kule ni kipupwe, na upepo wa mtoni hukata masikio. Mtandio ufungwe ndani ya koti. Jaketi la kujiokolea la mtoto lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo akitumbukia jaketi hupanda kichwani na mtoto akabaki chini yake. Niliivuta ile mikanda mara mbili.

Boti yenyewe haina rafadha, yaani panga la kuisukuma lililo nje majini. Injini huzungusha impela, gurudumu lenye mapanga, ndani ya bomba. Maji hufyonzwa kupitia wavu wa vyuma ulio chini ya boti, kisha husukumwa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Nahodha akitaka kugeuka, huuelekeza mdomo huo kushoto au kulia. Akitaka kurudi nyuma, huteremsha kibakuli cha chuma kinachoyageuza maji yaelekee mbele. Bill Hamilton, mhandisi wa New Zealand, aliiendeleza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kokoto ya Kisiwa cha Kusini. Ikishashika kasi hupita penye maji ya kina cha sentimita 10 hivi. Ila bila msukumo haigeuki. Nahodha akiachia mafuta ghafla penye kona, boti hunyooka ilivyo mpaka mwambani. Ndiyo sababu kwenye korongo la Tutukau, kuta za mawe zikiwa karibu kabisa, alikuwa akikanyaga mafuta palepale ambapo moyo wa abiria unataka apunguze.

Korongo lilipoisha na mto kupanuka, injini ikapiga kelele ya juu, lakini boti ikalegea na kuzama tumbo. Magugu ya majini yalikuwa yamefunika wavu: impela ikikosa maji huzunguka kwenye povu, na povu halisukumi kitu. Kwanza nahodha alizima injini, maana mvuto ukikoma magugu mengi hujidondokea yenyewe. Hayakudondoka. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akatusogeza sote mbele ili nyuma ya boti iinuke, ndipo akafungua kifuniko kilicho juu ya bomba na kuzamisha mkono hadi kwapani. Alitoa mafungu manne ya nyuzi za kijani kibichi, yametatana kama katani iliyolowa. Kabla ya kufunga alipitisha kidole kuuzunguka mpira wa kifuniko; ukikaa vibaya hewa huingia na shida hurudi ileile. Kazi ya dakika kumi. Ufunguo kuwa mfukoni ndicho nilichokipenda zaidi.

Orakei Korako huonekana kwa mvuke kabla ya kitu kingine. Mwaka 1961 maji ya bwawa la Ohakuri yalipanda na kuzifunika chemchemi nyingi za hapa, hasara ambayo mtu wa mvuke haioni bila kuumia. Zilizobaki hutiririka juu ya matuta meupe yanayoshuka hadi ziwani. Weupe ule ni silika: maji ya moto sana huiyeyusha kutoka kwenye mawe chini ya ardhi, na yakipoa juu huiacha. Ni silika hiyohiyo inayotuzibia sisi wa jotoardhi mabomba ya kurudishia maji ardhini, ile tunayoigonga kwa nyundo na kuilaani. Hapa ilikuwa imejengeka tabaka juu ya tabaka, yenye mikunjo myembamba kama ya kanga mpya.

“Baba, mbona huku rangi ya chungwa na kule kijani?” kifungua mimba aliuliza.

Ni viumbe vidogo, kila kimoja na joto lake. Jirani na tundu, maji yakizidi nyuzi 73 hivi, vile vinavyoishi kwa mwanga wa jua havistahimili, mwamba unabaki mweupe. Kadiri maji yanavyopoa ndivyo njano, chungwa na kijani kizito vinavyofuatana. Nilimwonyesha mpaka wa rangi, mwembamba kama uzi. Kutoka nje ya njia ya mbao tulikataa katakata: ganda la silika huweza kuwa jembamba, na chini yake maji yanachemka.

Jioni mama watoto aliona bangili yake ya fedha imegeuka kahawia. Ni kazi ya gesi ya salfa ya kule chemchemini. Tulitandika karatasi ya alumini bakulini, tukaweka bangili juu, kijiko cha magadi ya kuokea, na maji ya moto. Fedha iling'aa polepole, na chumba kikanuka tena mayai viza.