Asubuhi ya Regyuleta

Ilikuwa Julai 2019, kusi limekaza na manyunyu hayakatiki. Nilikuwa na watoto saba nyumbani kwangu Langoni, Lamu. Mtaani hawapaiti kituo cha kulelea watoto. Husema tu mtoto yuko "kwa Bibi". Mdogo wao alikuwa wa miezi mitano, wa maziwa ya kopo. Mama zao huwaleta saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja uji uwe umeshateremshwa.

Siku hiyo moto wa jiko ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Nikadhani gesi inakwisha. Nikaumwagia mtungi ubavuni kikombe cha maji ya moto yaliyolala kwenye chupa ya chai, nikapitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale chuma kinapogeuka baridi ndipo gesi ilipofika, na ilikuwa imepita nusu. Maji yale ningeyatamani baada ya robo saa.

Kisha nikasikia fyuu nyembamba, na harufu. Gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka sakafuni, na sakafuni ndiko ulikotandikwa mkeka wa wanaotambaa. Nilizima jiko, watoto wakatolewa hadi dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na msaidizi wangu, milango na madirisha yakafunguliwa. Taa iliyokuwa inawaka niliiacha iwake. Swichi haiguswi, kuwasha wala kuzima.

Hewa ilipotakata nikapaka povu la sabuni. Kwenye mpira, kimya. Kwenye shingo ya mtungi, kimya. Juu ya regyuleta, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopima gesi, kwenye kile kitundu kidogo ambacho watu hudhani ni alama tu, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Nikafunga, nikaing'oa regyuleta, mtungi nikautoa nje.

Ndani ya regyuleta mna ngozi nyembamba ya mpira inayopanda na kushuka kupima nguvu ya gesi, na kitundu kile ndicho inachopumulia. Ikipasuka, gesi hutokea hapo hapo. Jirani alikuja na nta ya mshumaa, "Tuzibe tu, Bibi, hadi jioni." Nikamkatalia. Ukiziba kitundu, ngozi haipumui, na gesi huenda jikoni na nguvu isiyopimwa. Regyuleta haitiwi kiraka, hununuliwa nyingine, na maduka yalikuwa bado kufunguliwa.

Ikabaki makaa. Jirani yule yule, kwa wema, akataka jiko liingizwe ndani liwapashe watoto wakilala. Hapo nilipandisha sauti. Hewa ya makaa inayoua haina harufu wala moshi, na mtoto aliyelala hakohoi kukuamsha. Jiko nililiweka kiwandani, yaani uani, chini ya ukingo wa makuti, juu ya matofali mawili, na ubao wa kuwazuia wanaotembea. Makaa yalikuwa yamelowa kidogo, yakachukua karibu nusu saa kushika, na mtoto wa kopo hana nusu saa. Alilia, akapokezanwa mikononi, akalia zaidi.

Kwa hiyo sufuria ya kwanza ilikuwa ya maji yake, si ya uji. Yalipochemka niliyaepua, nikayaacha yapoe kidogo, lakini hayakupita nusu saa, kwa sababu unga wa maziwa unataka maji ya nyuzi 70 au zaidi kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe. Halafu chupa ikapozwa kwenye bakuli la maji baridi hadi tone likawa vuguvugu kifundoni mwa mkono. Mabaki yakamwagwa. Maji mengine nikayatia kwenye chupa ya lita tatu.

Uji ukafuata: kikombe kimoja cha unga wa wimbi kikorogwe kwanza na maji baridi, kisha vikombe vinne vya maji yanayochemka. Makaa hayana kitufe cha kupunguza, ukiacha mwiko, uji unaungua chini. Kuoga hakukuwapo, nilipangusa nyuso na makalio kwa kitambaa cha vuguvugu, basi.

Saa tatu nilienda dukani na regyuleta mbovu mkononi, maana midomo ya mitungi hailingani, na muuzaji hukupa iliyo karibu. Mpya ilikuwa shilingi 1,200. Nikairudishia povu kabla ya kiberiti. Kimya.

Jioni mama wa yule mdogo akamnusa kichwani, akauliza, "Bibi, leo mwanangu mmemkausha kama papa?"