Meza ya maji pale darajani

Siku hizi mtu akiniambia "nina volontia 60" namuuliza kwanza wanakaa wapi. Hiyo akili niliipata 2022, mwaka ule daraja la Tanzanite limefunguliwa na kila mwenye mbio za hisani Dar anataka watu wake wapite pale juu wapige picha na bahari. Na sisi tukaandaa za kwetu, kilomita 5, 10 na 21, za kuchangia wodi ya watoto njiti, mimi nikapewa kitengo cha volontia sababu naongea sana.

Kuwapata wala haikuwa kazi. Nilirusha tangazo kwenye magrupu ya Watsapu, la wanachuo, la kwaya, la mtaani kwetu, nikaweka "tisheti na supu vipo", siku 3 nina majina 64 kwenye daftari. Nikajiona mjanja kweli. Wanauliza "dada, posho ipo?", nami najibu ni kujitolea jamani. Ijumaa tukagawa tisheti, wakaja 58, wengine wakaomba na za wadogo zao (kosa la kwanza hilo, tisheti haitolewi kabla ya kazi, mtu akishaivaa kashamaliza).

Jumapili mbio zinaanza saa 12 asubuhi, volontia waripoti saa 10 alfajiri. Niliyepanga hivyo ni mimi, ninayekaa Msasani, dakika 10 na gari ya kaka. Saa 10 na nusu nina watu 19. Napiga simu hazipokelewi, moja ikapokelewa, "dada niko Mbagala hapa kituoni toka saa 9, daladala hamna". Wa Gongo la Mboto ananiambia bodaboda anataka 15,000. Hasira zikanipanda nikaandika kwenye grupu kwamba kuna watu wanapenda tisheti kazi hawaitaki, na mengine ambayo mpaka leo sipendi kuyakumbuka.

Meza yangu ilikuwa upande wa mjini, ukishuka daraja tu. Ilitakiwa watu 8, tukawa 3, mimi, binti mmoja wa kwaya na kijana ambaye hata kwenye daftari hayumo, alimsindikiza mwenzake. Wakimbiaji wa mbele wanafika sisi bado tunafungua chupa. Tunajaza vikombe mpaka juu, mtu anakuja kasi anakwapua, maji yote kifuani, anatuachia kikombe na sonyo.

Pembeni pale kulikuwa na mzee muuza kahawa, birika lake na jiko dogo la mkaa, anatuangalia. Akainuka.

"Binti yangu, mnajaza hivyo mnamnywesha ng'ombe?"

Nikamwamkia, shikamoo mzee, huku nacheka kwa aibu. Akanawa, akashika chupa ya lita moja na nusu akaipitisha juu ya vikombe vile anavyomimina kahawa, bila kuinua mkono, kila kimoja nusu. Kisha akakiweka kimoja juu ya kiganja, mkono kaunyoosha, na mkimbiaji akakichukua bila kupunguza mwendo. "Ukikibana na vidole mtagombania," akasema. Tukamuiga, na lile kundi kubwa la kilomita 10 lilipokuja hatukumwaga sana.

Saa 1 na robo hivi akatokea yule wa Mbagala. Tisheti imelowa mgongo mzima, kumbe alipata daladala mpaka Kariakoo halafu akaja kwa miguu, huku mbele barabara zimefungwa sababu ya mbio zetu wenyewe. Meseji yangu alikuwa ashaisoma, nilijua tu, maana alisema "za asubuhi dada" akainama kuokota vikombe barabarani. Nikamwambia samahani mdogo wangu. Akasema hamna shida, wala hakuinua uso.

Tulipomaliza nikamkaribisha mzee supu, akakataa, akasema mmegawa maji bure asubuhi nzima kahawa yangu nani ataninunulia? Nikanunua birika lote, 8,000, nikawaita wote waliokuja tukanywa pale pale tumesimama, wa Mbagala vikombe vinne. Kwenye mahesabu ya kamati nikaiandika "usafiri wa volontia", maana hicho kifungu kilikuwa kitupu kabisa. Mweka hazina akanipigia kuuliza ni gari gani hilo la 8,000.