Nilivyoondoa mikato na kurudisha uhai wa muziki kwenye kompyuta yangu

Mi kwenye muziki siko wa kuwasha tu uimbe pembeni huku nafanya mambo mengine, mi nakaa chini, nafumba macho, nasikiliza albamu toka mwanzo mpaka mwisho, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nahamisha CD zangu moja moja kwenda kwenye laptopu kwa fomati ya FLAC, ile inayobana faili bila kupunguza chochote kwenye sauti, ili nisipoteze kitu. Sasa fikiria umefanya kazi yote hiyo, una hedifoni nzuri, una na DAC ya nje ya USB (kifaa kinachogeuza data kuwa sauti), unasubiri mwimbaji aingie, afu unasikia "tak!" Sauti inakatika kidogo sana, inaendelea. Dakika tatu mbele, "tak!" tena. Inauma jamani, maana ukishaisikia mara mbili husikilizi tena wimbo, unaisubiri ile tak.

Na kulikuwa na tatizo la pili ambalo hata kulieleza nlikuwa nashindwa. Muziki ulikuwa umebanwa. Sehemu ya upole na sehemu ya nguvu zote zinakuja sawa sawa, ngoma ikipigwa huisikii ikiruka, gitaa la peke yake mwanzoni linasikika kubwa kama bendi nzima.

Nikaanza kutafuta dawa ndo nikakutana na programu za kuboresha kompyuta kwa ajili ya sauti. Ziko kadhaa na kazi zake zinafanana, unaiwasha kabla hujaanza kusikiliza, yenyewe inazima huduma za Windows ambazo inaona hazihitajiki, inaipa playa yako kipaumbele kwenye prosesa, inabadilisha mpangilio wa umeme wa kompyuta, zingine zinagusa mpaka saa ya ndani ya mfumo. Nikaweka moja. Usiku ule ule nikasema kumbe! Besi imekaa vizuri, sauti za waimbaji zimesogea mbele, kila kitu kimepumua. Siku tatu nilikuwa na furaha kweli.

Siku ya nne tak ikarudi. Afu nikagundua printa haifanyi kazi, kumbe huduma ya kuchapisha nayo ilikuwa kwenye zile zilizozimwa.

Hapo nikapata wasiwasi, ile tofauti niliyoisikia ilikuwepo kweli au niliitaka iwepo? Nikamwita mdogo wangu nikamwambia nisaidie kitu, mi nageukia ukutani, we unarusha sarafu, ikitoka upande mmoja unaiwasha programu, ikitoka mwingine unaizima, unanipigia kipande kile kile cha wimbo, mi nasema imewaka au haijawaka, we unaandika bila kuniambia lolote. Akaniuliza, "Kaka, na nikicheka je?" Nikamwambia usicheke, hata kukohoa usikohoe. Tukafanya raundi 16. Nikapata 9.

Sasa 9 kati ya 16 kuna mtu atasema si zaidi ya nusu? Nikapiga hesabu, mtu anayebahatisha tu anapata 9 au zaidi karibu mara 40 katika kila 100. Ili niamini kweli masikio yangu yanasikia kitu nlitakiwa nipate angalau 12, kwa sababu kubahatisha mpaka 12 au zaidi kunatokea chini ya mara 4 katika 100. Nikataka na ushahidi usiopita kwenye masikio, nikachukua Audacity, programu ya kurekodi sauti, nikarekodi ndani kwa ndani kile Windows inachotoa, wimbo ule ule mara mbili, mara moja programu ikiwa imewaka na mara moja imezimwa, nikazipanga zianze sehemu moja, moja nikaigeuza kichwa chini miguu juu, nikazijumlisha, vinavyofanana vinafutana. Kama kuna tofauti yoyote inabaki. Haikubaki kitu, mstari umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho. Data ni ile ile.

Niliumia kidogo siwezi kuficha, maana zile siku tatu za raha zilikuwa za kweli kwangu. Ila ndo hapo nikaacha kutafuta uchawi nikaanza kutafuta tatizo.

Nikaanza na mikato. Kuna programu inaitwa LatencyMon, yenyewe haiboreshi chochote, inapima tu ni draiva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta) inaishikilia prosesa muda mrefu. Kwa Windows, ukitumia njia ya kawaida ya programu zote kushirikiana kifaa kimoja cha sauti, sauti inasukumwa kwenda kwenye kifaa kwa vipande vya milisekunde 10 hivi. Kwa muziki wa CD wenye sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa sekunde hiyo ni sampuli 441 tu. Chukulia kama ndoo ndogo inayovuja chini muda wote na wewe kazi yako kuijaza kila baada ya milisekunde 10. Draiva fulani ikisema ngoja nimalize kazi yangu kwanza, ikakaa muda mrefu kuliko huo, ndoo inakauka, na pale inapokauka ndo unasikia tak. Ndo maana kompyuta inaweza ikawa na nguvu nyingi, prosesa inatumika asilimia 3, na bado sauti inakatika, maana shida ni foleni. Ndo maana pia kuongeza bafa ya playa, yaani akiba ya sauti inayojiwekea mbele, hakukunisaidia, niliongeza wee mpaka sekunde kadhaa, lakini hilo ni tanki la juu, ndoo inayokauka ni ile ya mwisho kabisa.

Nikaiacha LatencyMon nusu saa huku nasikiliza. Kila tak ikipiga naangalia, juu kabisa imekaa ndis.sys, faili la mambo ya mtandao. Nikazima waifai. Nikasikiliza albamu nzima, hakuna hata mkato mmoja. Nikawasha, dakika chache, tak. Nikazima, kimya. Nimerudia mara tano nikiwa siamini. Nikaenda kuchukua draiva mpya ya kadi ya waifai nikaiweka, mikato ikapungua sana ila haikuisha, na hapa niseme haki, ile programu ya kuboresha ilikuwa na kitu kimoja cha maana ndani yake, mpangilio wa umeme. Laptopu kwa kawaida inapunguza mwendo wa prosesa ikiona hakuna kazi ili kutunza betri, na kuamka kwake kunachukua muda. Nikaweka mwenyewe mpangilio wa nguvu kubwa, nikazima na ile ya kuzilaza bandari za USB, mikato ikaisha kabisa. Hayo yote yako kwenye seting za Windows zenyewe, huhitaji kuinstoli kitu. Na habari ya kuipa sauti kipaumbele, Windows ina huduma ya kazi hiyo toka Vista, playa nyingi nzuri zinaitumia tayari.

Baada ya hapo nikageukia lile la muziki kubanwa, na hili lilikuwa rahisi mpaka nikajilaumu kwa miezi yote niliyopoteza. Ukifungua seting za sauti, ukaingia kwenye kifaa chako, kuna sehemu ya nyongeza za sauti. Yangu ilikuwa na kusawazisha volyumu, imewashwa, sijui niliiwasha lini, labda siku naangalia filamu usiku sitaki kelele. Kazi yake ni kupandisha vya chini na kushusha vya juu. Kwa filamu usiku sawa, kwa muziki inaua. Nikaizima, nikaweka ule wimbo wenye gitaa la mwanzoni. Gitaa likaja dogo, mbali kidogo, mpaka nikasogeza kichwa kulisikiliza, afu bendi ikaingia yote kwa pamoja na nywele zikanisimama. Hapo hakuna cha kurusha sarafu wala kugeukia ukutani, hata mdogo wangu alisikia toka mlangoni.

Kitu cha tatu ni faili zenyewe. Baadhi ya albamu sikuzihamisha mimi, nilipewa na watu zikiwa FLAC nikaamini ni safi. Nikazipitisha kwenye Spek, inakuchorea wimbo kwa rangi unaona masafa yanafika wapi. CD inaweza kubeba mpaka 22.05 kHz (maelfu ya mitetemo kwa sekunde), nusu ya zile sampuli 44,100. Zingine za kwangu zilikuwa zimekatwa kama kwa wembe kwenye 16 kHz, dalili ya kawaida kabisa ya MP3 ya kilobiti 128 iliyogeuzwa kuwa FLAC. Faili kubwa, ndani makapi. Kilichopotea kwenye MP3 hakirudi hata uiweke kwenye fomati gani. Zile ambazo CD zake ninazo nilizisoma upya kwa Exact Audio Copy, hii inalinganisha ulichosoma na walichosoma wengine kwenye CD hiyo hiyo, ikisema imekubaliana unalala usingizi.

Kuna habari ya sampuli pia, naipitia haraka. Windows yangu ilikuwa imewekwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, na muziki wangu karibu wote ni 44.1, kwaiyo kila sampuli 147 zinapigiwa hesabu upya ziwe 160. Unaweza kuweka kifaa kwenye 44.1, au utumie playa kama foobar2000 kwa njia ya WASAPI ya kumiliki kifaa peke yake, sauti inaruka mikseri yote, ile sehemu ya Windows inayochanganya sauti za programu zote, inakwenda moja kwa moja. Nikajaribu kwa kipimo kile kile cha kutojua, sikuweza kutofautisha. Nilichokipenda kwenye njia hiyo ni kwamba milio ya meseji haiingii katikati ya wimbo. Ubaya wake programu zingine zote zinakuwa bubu mpaka ufunge playa.

Na mwisho nikaiacha njia hiyo, kwa sababu ya Equalizer APO. Hedifoni zangu zina ukali fulani kwenye masafa ya 8 kHz hivi, herufi ya "s" inachoma, na ikwalaiza hii inakuruhusu kushusha eneo dogo tu bila kugusa mengine. Lakini inakaa ndani ya njia ya Windows, ukiruka mikseri umeiruka na yenyewe. Ikabidi nichague, na nikachagua kile ninachokisikia. Ukiitumia ukaongeza masafa yoyote, shusha kwanza sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho, ukipandisha besi desibeli 6 basi anza na kushusha 6, la sivyo vilele vinagonga dari na unapata mkwaruzo mpya ambao utaulaumu kwenye spika. Na ukilinganisha kabla na baada hakikisha sauti zina ukubwa sawa kabisa, maana yenye sauti kubwa kidogo tu sikio linaisifia. Nadhani watu wengi wanaosifia programu fulani wamedanganywa hapo hapo.

Ile programu ya kuboresha nimeitoa, printa imerudi. Kilichobaki ni mvumo mdogo unaosikika kwenye spika nikichomeka chaja ya laptopu, nikiichomoa unapotea, kwaiyo ni umeme unaozunguka kwenye waya wa ardhi na hakuna programu itakayoutoa. DAC yangu ina tundu la kebo ya mwanga, na kebo hiyo haipitishi umeme kabisa, ila laptopu haina tundu la namna hiyo. Kwa sasa nachaji kwanza, nachomoa, ndo nakaa kusikiliza. Betri inanitosha albamu tatu.