Jinsi kipande cha marekani kilivyonifundisha kuchora uso

Kwa miaka mitatu nilichora nyuso za watu, na kwa miaka hiyo yote nyuso zangu zilikuwa bapa kama sahani. Aliyenizindua ni bibi yangu: aliishika picha niliyomchora, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyu mzee ni nani?" Nilikuwa nimeamini kwamba kasoro iko kwenye rangi, nikanunua rangi za mafuta za bei kubwa, kumbe sikuwa nimejifunza kukiona kivuli.

Nilipoanza kusoma habari za wachoraji wa Italia wa zama za mwamko wa sanaa, kilichonishangaza zaidi ya vipaji vyao ni muda waliokaa kabla ya kuruhusiwa kupaka rangi. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa ufundi huo karibu na mwaka 1400, anataja uanagenzi wa miaka 13: mwaka mmoja wa kuchora kwenye kibao kidogo, sita ya kusaga rangi, kuchemsha gundi na kuandaa mbao, na sita mingine ya kupaka, huku mwanafunzi akichora kila siku, hata sikukuu. Mimi nina jioni chache na Jumapili tu, kwa hiyo nilichagua zoezi moja, lile la Leonardo da Vinci alipokuwa kijana Firenze.

Giorgio Vasari, mwandishi wa kale wa maisha ya wachoraji wa Italia, anasimulia kwamba Leonardo alifinyanga sanamu za udongo, akazivika vitambaa laini vilivyochovywa kwenye udongo, kisha akazichora kwa subira juu ya kitani, kwa brashi na rangi nyeusi na nyeupe peke yake. Michoro kadhaa ya namna hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre. Udongo una kazi yake: kitambaa kikikauka hukakamaa, na mikunjo haihami hata ukirudi baada ya wiki nzima.

Nilianza na kanga, nikashindwa, kwa kuwa maua yake yaliyavuta macho yangu kuliko mikunjo. Shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani, alinipa kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua, akisema, "Mwanangu, ukitaka kuona mkunjo, tafuta nguo isiyo na maneno." Nilikichovya kwenye udongo wa mfinyanzi uliokorogwa ukawa kama uji mwepesi (mara ya kwanza ulikuwa mzito, ukapasukapasuka kama dimbwi la kiangazi), nikakitandaza juu ya kigoda, nikafunga madirisha yote isipokuwa moja.

Kwa miezi minne nilichora kitambaa kilekile. Polepole niligundua kwamba kivuli hakina weusi wa namna moja, kwamba ndani yake hupenya nuru hafifu inayorudishwa na ukuta, na kwamba ukingo wake huwa mkali pale kitambaa kinapokunjika ghafla na huyeyuka pale kinapopinda taratibu. Shavu la mtu nalo hupinda hivyohivyo. Nilifuata pia ushauri wa Leonardo wa kuitazama kazi kwenye kioo, na aibu niliyoipata siku ya kwanza sitaisahau, maana macho yote mawili yalikuwa yamekwenda upande.

Jambo moja sikuwafuata. Wachoraji wa wakati wa Cennini walitanguliza kijani cha udongo chini ya ngozi, ili waridi la mashavu litokeze juu yake. Kwa ngozi ya bibi yangu kijani hicho kilileta sura ya ugonjwa, nikatanguliza kahawia iliyotiwa wekundu kidogo, kisha nikajenga mwanga juu yake kwa tabaka nyembamba, kila moja ikingoja iliyotangulia ikauke.

Picha ya pili ilinichukua wiki sita. Safari hii bibi hakuuliza ni nani. Alilalamika tu kwamba makunyanzi nimeyazidisha, akaniagiza niyapunguze kabla wageni hawajaiona.