Macho ya Mtoto Yanapohama

Wapendwa katika Bwana, tangu Jumapili iliyopita moyo wangu haujatulia. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameketi juu ya mawe nyuma ya kanisa letu hapa Mwanza, nami nikiwasomea somo ambalo, nakiri mbele za Mungu, nilikuwa nimelifungua asubuhi ileile. Kivuko kilipopita, macho yote yakageukia ziwani, nami nikawakaripia kwa ukali hata mmoja wao akalia.

Katikati ya juma nilisoma habari za Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni wa Marekani, aliyeshiriki kuanzisha taasisi ya vipindi vya watoto mwaka 1968, wakati ambapo wapo waliotilia shaka kama mwanamke angeweza kuongoza kazi kubwa kiasi hicho. Kipindi chao, Sesame Street, kilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969, kikiwalenga hasa watoto wa maskini waliokuwa wakianza shule wakiwa nyuma ya wenzao, na miaka mingi baadaye kikazaa Kilimani Sesame, kipindi cha Kiswahili cha watoto wetu wa Tanzania. Lakini kilichonichoma ni jambo dogo zaidi. Watafiti wake walimketisha mtoto mbele ya televisheni, wakaweka pembeni picha nyingine zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, kisha wakaandika ni wakati gani macho yake yanahama. Macho yalipohama, hawakumkaripia mtoto, walikirekebisha kipindi.

Ndugu zangu walimu na wazazi, ni mara ngapi tumewahesabia watoto utukutu ambao kwa kweli ulikuwa uvivu wetu? Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema, “nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii”, na bidii hiyo imedaiwa kwa anayefundisha. Ibada ya wakubwa tunainunulia vipaza sauti vipya, ilhali watoto tunawapa kitabu kilichochanika na mwalimu asiyejiandaa, kisha tunashangaa vijana wanapotoweka kanisani! Loisi na Eunike, bibi na mama yake Timotheo, hawakumlea hivyo.

Nimekwenda kumwomba msamaha mtoto yule mbele ya mama yake. Jumapili hii tutasoma Luka 5, habari za Simoni na nyavu zilizojaa samaki, na baba mmoja anayevua dagaa ameahidi kutuletea wavu na karabai yake. Watoto nitawaketisha wakielekea ziwani.