Punje Zilizoungua: Kumbukumbu ya Mwezi wa Pili

Mwezi huu nimepunguza kusoma nikaanza kuunguza. Mradi wangu ni kukusanya punje zilizogeuka kaa, ili niweze kuzitambua kwa macho nafaka zilizofukuliwa kaskazini mwa Pemba. Huko Tumbe, mji uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, mwanaakiolojia wa mimea Sarah Walshaw alikuta uwele kwa wingi, ilhali Chwaka (ya Pemba, si ile ya Unguja), mji uliostawi jirani yake kuanzia karne ya 11, uliacha mpunga zaidi.

Punje huhifadhiwa na moto uleule ambao ungeweza kuiteketeza: ikiwa kaa bila kufikia kuwa majivu, vijidudu vya udongoni havipati cha kula ndani yake. Kwa hiyo nilifukia punje katika mchanga mkavu, ndani ya kopo lenye mfuniko, nikaliweka juu ya jiko la mkaa. Uwele wa kwanza uliharibika kabisa, kwa kuwa moto ulikuwa mkali mno, punje zikapasuka kama bisi na viini vikachomoka. Kwa moto hafifu wa saa 2 nilipata punje nyeusi zenye umbo la tone la maji. Mchele nao ulivimba, lakini mifuo yake ya urefu ilionekana vizuri chini ya lenzi.

Kisha nilichanganya punje 50 za kila aina na udongo wa shambani, nikaukoroga taratibu katika ndoo ya maji, kwani makaa huelea na udongo huzama. Chandarua nilichotumia kunasia kilikuwa na matundu makubwa mno. Nikakibadilisha kwa kitambaa cha shela. Hatimaye nilipata punje 38 za mchele na 31 tu za uwele.

Tofauti hiyo ilinisumbua siku kadhaa, kwa sababu ikiwa uwele hupotea kwa urahisi zaidi, hesabu za kale zinaweza kuupunja. Hata hivyo, kama upotevu huo uliikumba miji yote miwili kwa kiasi kinacholingana, basi hauwezi kueleza kwa nini mpunga uliongezeka Chwaka. Na kama uwele wa Tumbe umepunjwa, basi wingi wake halisi ulikuwa mkubwa zaidi.

Wiki ijayo nitaunguza mpunga pamoja na makapi yake, na kopo nitabadilisha, maana hili limetoboka.